Asili ya Homa: Waliyoyadhani Watu wa Kale na Waliyoyajua

Wazee wa chama waliponitaka niandike machache ya kutiwa katika kijitabu hiki cha kumbukumbu, nilidhani wangependa niandike habari za misikiti yetu, au za walimu waliofungua chuo cha kwanza katika mtaa huu. Lakini hayo yamekwisha kuandikwa na walio bora kuliko mimi. Basi nikaomba ruhusa niandike juu ya mgeni ambaye hakuna nyumba asiyoiingia, naye ni homa. Sikusudii kutaja dawa zake, kwani mimi si tabibu. Nakusudia kueleza yale ambayo wanadamu wa nchi mbalimbali wamejibu, tangu zamani za kale, kila walipoulizwa: homa hutoka wapi?

Sababu iliyonitia katika habari hii ni ya tangu utotoni. Nilipokuwa mtoto wa chuo hapa Buyenzi, katika ua wa jirani zetu mtoto wa miaka mitatu alishikwa na homa siku mbili, na usiku wa pili akaingiwa na degedege. Macho yakageuka, viungo vikakakamaa. Watu wazima waliokuwapo walikataza asipelekwe kupigwa sindano, kwa kuwa ilijulikana, ati, kwamba mwenye degedege akipigwa sindano hufa papo hapo. Akafukizwa, akachuliwa, akasomewa. Na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amefariki. Arobaini yake haijatimia, mnong'ono ulikuwa umekwisha kumfikia mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza ndagala kibarazani. Hoja yao ilikuwa moja tu: siku chache kabla, alimsifu mtoto yule kwa unono wake. Hakuna aliyemfukuza kwa mkono, lakini hakuna tena aliyemsalimu wala kununua kwake, na baada ya mwezi akahama na kapu lake na mkeka wake. Mimi nilikuwa nikitumwa kwake kila siku, naye alikuwa hakosi kunizidishia. Siku zile za mwisho nilipita mbele yake nikatazama chini.

Tangu hapo nimekuwa nikikusanya kila nilichokisoma na kukisikia juu ya asili ya maradhi. Sikuona kwamba watu wa kale walikuwa wajinga. Nimeona kwamba aghalabu waliona sawasawa kwa macho yao, wakakosea katika kutaja kisababisho. Na kwamba makosa hayo si ya namna moja.

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Neno homa tumelipokea kwa Waarabu, nao huita humma. Ugonjwa wa viungo unaowasumbua wazee wetu wakati wa masika tunauita baridi yabisi, yaani baridi iliyo kavu. Anayeyatamka maneno hayo leo, huku akisugua goti lake kwa mafuta, hana habari kwamba anataja kanuni ya utabibu wa Kiyunani; lakini ndivyo ilivyo. Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon mwaka wa 129 Miladi, alifundisha kwamba mwili una maji ya namna nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila moja lina tabia yake. Damu ni joto na unyevu, balghamu ni baridi na unyevu, nyongo ya manjano ni joto na ukavu, na nyongo nyeusi ni baridi na ukavu, ndiyo baridi yabisi yetu. Yakilingana mtu ni mzima. Moja likizidi, huugua. Vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9 na Hunayn bin Is-haq na wanafunzi wake. Kisha Ibn Sina, aliyefariki Hamadhan mwaka wa 1037, akayapanga maarifa hayo katika kitabu chake kiitwacho Kanuni, kilichosomwa na Waislamu, na kwa fasiri ya Kilatini kikasomwa na Wakristo wa Ulaya, muda wa karne nyingi. Kwa hiyo bibi aliyemkataza mjukuu wake asile kitu fulani kwa kuwa ni cha baridi hakulitunga jambo hilo nyumbani kwake. Lilisafiri kutoka Uyunani hadi Baghdad, na kutoka huko likafika pwani yetu kwa majahazi, na bara kwa misafara.

Neno safura nalo ni ndugu wa hayo. Kwa Kiarabu safra ni ile nyongo ya manjano. Lakini sisi tumelitumia kwa mtu aliyepauka, akavimba uso na miguu, akakosa nguvu, na mara nyingi akawa anakula udongo. Mwaka wa 1870 David Livingstone alikuwa amelala mgonjwa Bambare, katika nchi ya Manyema walikotoka babu wa wengi wetu, akaandika habari za safura aliyoiona kwa watumwa. Alistaajabu kuona kwamba waliokula udongo hawakuwa lazima wenye njaa. Hata waliopewa chakula cha kutosha waliutamani. Watu wakasema: udongo ndio uliomtia maradhi, mfungeni asiule. Leo yajulikana kwamba safura hutokana na minyoo midogo inayoshika utumbo na kunyonya damu, na aliyepungukiwa na damu mara nyingi hushikwa na tamaa ya kula udongo. Na minyoo hiyo hutoka wapi? Hutoka katika udongo uliochafuliwa na choo, ikapenya ngozi ya mtu apitaye bila viatu. Arthur Looss, bingwa wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, alimwagikiwa mkononi na maji yenye vijidudu hivyo, akahisi mwasho, kisha akaja kuviona tumboni mwake mwenyewe. Basi udongo ulihusika kweli. Ila aghalabu uliingiza maradhi kwa nyayo, wala si kwa kinywa.

Sasa natuitazame homa yenyewe, ile ijayo kwa baridi na kutetemeka, ikapoa kwa jasho, kisha ikarudi kama aliyesahau kitu. Warumi waliiogopa hata wakaifanya mungu wa kike, Febris, wakamjengea mahekalu ili awaepushe. Mji wao ulikuwa karibu na mabwawa makubwa, na kila kiangazi watu wa mabondeni waliugua kuliko watu wa vilimani. Varro, mwanachuoni wao aliyeishi karne moja kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliwaonya wakulima wasijenge karibu na mabwawa, kwa kuwa humo huzaliwa viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo huingia mwilini kwa kinywa na pua. Alikaribia mlango kabisa, kisha akapita. Waliomfuata walishika neno la harufu: maji yaliyotuama hunuka, na hewa ile inukayo ndiyo imwingiayo mtu. Ndiyo maana Wataliani waliita maradhi haya malaria, maana yake hewa mbaya. Na jina hilo limebaki duniani kote hata baada ya maana yake kufa.

Msomaji asiwacheke, kwani sisi nasi tuna upepo mbaya. Husemwa fulani kapigwa na upepo, na neno upepo na neno pepo asili yake ni moja. Mswahili akiona mtu mzima amelala salama akaamka anatetemeka, alihisi kwamba kitu kisichoonekana kimepita hewani usiku. Mtaliani alihisi vivyo hivyo. Na kweli, kitu kilikuwa kimepita hewani usiku. Mtaliani aliyefunga madirisha magharibi, akahamia mlimani na kukausha bwawa, alijikinga kwa amali iliyo sahihi na kwa sababu iliyo kosa.

Lakini wako walioijua sababu yenyewe, na hawakuwa wanachuoni. Richard Burton, Mwingereza, alisafiri katika nchi ya Wasomali miaka ya 1854 na 1855, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1856. Humo ameandika kwamba aliambiwa kuwa kuumwa na mbu huleta homa za kufisha. Burton alikuwa mtu wa elimu nyingi na lugha nyingi. Akaliandika jambo hilo kama itikadi tupu, akaeleza kwamba huenda limezuka kwa sababu mbu na homa huzidi kwa wakati mmoja. Hoja yake ilikuwa nzuri, kwani si kila viwili vijavyo pamoja kimoja ni mzazi wa chenzake. Ila safari hii wachunga ngamia walikuwa wamesema kweli, na mwenye elimu ndiye aliyekosa. Miaka 2 baadaye, mwezi wa Februari 1858, Burton huyo huyo aliingia Ujiji akiwa mgonjwa asiyeweza kutembea kwa miguu yake, kwa homa iliyomwandama tangu njiani, na mwenzake Speke macho yake yameungua hata haoni ziwa sawasawa. Aprili yake walipanda mtumbwi hadi Uvira, ng'ambo ya hapa tulipo. Kila usiku katika safari ile, hapana shaka, mbu waliimba masikioni mwake.

Si Wasomali peke yao. Robert Koch, bingwa wa Kijerumani aliyefumbua vijidudu vya kifua kikuu, alipokuwa Afrika ya Mashariki mwaka wa 1898 alisikia kwa watu wa milima ya Usambara kwamba wakiteremka mabondeni hushikwa na homa, na kwamba homa hiyo huiita mbu. Hawakusema huletwa na mbu. Waliita ugonjwa na mdudu kwa jina moja. Wakati huo wataalamu walikuwa ndio kwanza wanafika hapo. Laveran, tabibu wa jeshi la Wafaransa, aliviona vijidudu vya malaria katika damu ya askari huko Constantine, Algeria, Novemba 1880. Ronald Ross aliviona katika tumbo la mbu huko Secunderabad, India, Agosti 1897. Na mwaka wa 1898 Grassi na wenzake wa Italia wakathibitisha kwamba mbu wa namna ile iitwayo anofelesi ndiye amwambukizaye mwanadamu. Jina la milimani Usambara lilikuwa limekwisha kusema hayo, bila darubini.

Habari inayotuhusu zaidi sisi wa pande hizi ni ya papasi. Vijana wa leo, waliozaliwa katika nyumba za saruji, huenda hawamjui. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, mwenye ngozi kama ya mfuko mkuukuu, akaaye katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta. Mchana haonekani. Usiku hutoka, akanyonya damu ya aliyelala chini, na kabla ya alfajiri amerudi ufani. Mtu aliyeumwa huenda asijue. Baada ya siku kadhaa hushikwa na homa kali na kuumwa kichwa na mgongo. Homa ikapoa, akadhani amepona, kisha ikarudi, ikapoa, ikarudi. Huyo papasi aweza kukaa miaka bila kula, akamngoja mgeni.

Watu wa njia za misafara, kutoka pwani hadi Ujiji na kuvuka hadi Manyema, walimjua na kumwogopa. Huko Kongo alijulikana kwa jina la kimputu, na Uganda wakamwita bibo. Na kote watu walisema kwamba kuumwa naye huleta homa. Wazee wetu walisimulia kwamba msafiri mwenye akili alikuwa hakubali kulala katika banda la zamani la wapagazi, bora alale nje na fisi. Tena walisema jambo ambalo mimi nililidhani kuwa mzaha: papasi wa nyumbani hamdhuru mwenye nyumba, humdhuru mgeni. Wageni wa Ulaya waliliona hilo pia, wakastaajabu kuwa wenyeji wanalala humo humo wala hawana neno, na mgeni analala usiku mmoja tu akaugua. Maelezo yake ni kwamba aliyeumwa mara nyingi tangu utoto, kama akinusurika, mwili wake hupata kinga. Livingstone naye alikuwa ametaja madhara ya mdudu huyu katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1857; lakini kwa muda wa miaka karibu 50 matabibu waliliona jambo lenyewe kama hadithi ya wapagazi.

Mwaka wa 1904 Philip Ross na Milne, matabibu waliokuwa Uganda, walipata kijidudu cha homa hiyo katika damu ya wagonjwa, wakaonyesha uhusiano wake na papasi. Mwaka huo huo Joseph Everett Dutton na mwenzake John Todd, waliotumwa na chuo cha matibabu cha Liverpool, walikuwa Kongo, penye maporomoko tunapopaita leo Kisangani. Walikusanya papasi, wakawaacha wawaume kima. Na kima wakashikwa na homa. Kisha wakapanda mto hadi Kasongo. Mji huo ndio uliokuwa wa Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, hata ulipotekwa na majeshi ya Mfalme Leopold mwaka wa 1893. Na Kiswahili na Uislamu viko huko hadi leo. Mabwana hao wawili walikuwa wote wamekwisha kushikwa na homa ile waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, umri wake miaka 30. Kijidudu cha homa ya papasi kimepewa jina lake katika vitabu vya elimu. Simlaumu mtu kwa kuheshimiwa alichokifia. Ila nasema tu kwamba wapagazi waliojua habari hiyo kabla yake hawakuandikwa jina popote, na wengi wao pia waliifia.

Nitaje moja tena la namna hii, la upande wa kusini. Wazulu walikuwa na ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa waliouita nagana. Walisema unatoka kwa wanyama wa mwituni wanaochafua malisho. Wazungu wa huko walisema unatokana na sumu ya mbung'o. David Bruce alipouchunguza, mwaka wa 1894 na uliofuata, alikuta kila upande umeshika nusu: kijidudu hukaa katika damu ya wanyama wa mwitu, na mbung'o hukichukua na kukitia katika ng'ombe.

Makosa yote niliyoyataja hadi hapa, ya nyongo, ya hewa, ya udongo, hayakumnyoshea kidole mwanadamu. Sasa yako ya namna nyingine, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo.

Tauni kubwa ilipoingia Ulaya mwaka wa 1347 na 1348, mfalme wa Ufaransa aliwauliza mabingwa wa utabibu wa Paris sababu yake. Oktoba 1348 walijibu kwamba mwaka wa 1345 sayari tatu, Zohali, Mushtari na Mirihi, zilikutana katika burji ya Ndoo, zikaiharibu hewa. Jibu hilo halikumponya mtu, lakini halikumuua mtu. Watu wa mitaani hawakutosheka na nyota. Wakasema Mayahudi wametia sumu visimani. Mjini Strasbourg, tarehe 14 Februari 1349, Mayahudi kwa mamia walichomwa moto, ilhali tauni yenyewe ilikuwa haijaufikia mji huo. Ilipofika baadaye, iliwakuta waliochoma, na visima vilikuwa vile vile. Sababu ya kweli ilikuja kujulikana karne tano na nusu baadaye: Yersin alikipata kijidudu huko Hong Kong mwaka wa 1894, na Simond mwaka wa 1898 huko Karachi akaonyesha kwamba kiroboto hukitoa kwa panya akakitia kwa mtu.

Waislamu nao walikuwa na maneno yao juu ya tauni. Iko habari mashuhuri ya Sayyidna Umar, alipokuwa akielekea Sham mwaka wa 638 au 639 Miladi, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kwamba nchi ya mbele ina tauni. Akashauriana na masahaba, wakahitilafiana. Mwisho akaamua kurejea. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwa maana kwamba anaitoka kadari moja kwenda nyingine. Kisha Abdurrahman bin Awf akaja akawapa aliyoyasikia kwa Mtume, kwamba msiingie nchi yenye tauni, wala msitoke kwa kuikimbia ikiwa mmo ndani. Abu Ubayda mwenyewe alifariki kwa tauni hiyo ya Amwas. Wanazuoni wakajadiliana karne nyingi kama maradhi huambukiza. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni, alishika kauli ya kwamba ni mchomo wa majini. Lakini Ibn al-Khatib, waziri wa Granada, baada ya tauni ya 1348 aliandika kwamba uambukizo umethibiti kwa majaribio na kwa kuonekana: nguo ya mgonjwa huingiza ugonjwa nyumbani, na waliojitenga na watu husalimika. Wawili hawa walikuwa wanazuoni wakubwa na walipingana kabisa. Lakini aliyesema majini na aliyesema nguo hawakumtaja jirani.

Hapo ndipo ninaporudi katika ua wetu. Degedege hushika hasa watoto wadogo. Wako wasemao ni kivuli cha ndege wa usiku kilichompitia mtoto, na wengine ni shetani ajaye kwa sura ya nondo. Ndiyo asili ya jina lenyewe katika masimulizi. Mimi naamini kwamba Mungu ameumba majini, kama kila Mwislamu anavyoamini. Lakini watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na bonde la Kilombero katika miaka ya 1990 walikuta kwamba mama wengi walioijua malaria vizuri, na wakaitibu kwa vidonge, hawakuihesabu degedege kuwa ni malaria. Homa ya kawaida ilikuwa ya hospitali. Degedege ilikuwa ya mganga. Kumbe mara nyingi ni homa ile ile iliyopanda, vijidudu vikaziba mishipa midogo ya ubongo. Ingawa si kila degedege ni malaria, kwani mtoto mchanga aweza kushikwa nayo kwa homa kali yoyote.

Na ile habari ya sindano kuua? Nimeifikiri sana, nami nadhani nimeielewa. Mtoto hushikwa usiku, hufukizwa kwa moshi wa kinyesi cha tembo, hupakwa, hupozwa. Mishtuko ya degedege aghalabu hukoma yenyewe, na homa ya malaria tabia yake ni kupanda na kushuka. Basi akitulia, husemwa moshi umefaa. Asipotulia, siku ya pili au ya tatu, akiwa amebakiwa na pumzi chache, ndipo hubebwa hospitali. Daktari humpiga sindano, naye hufa mkononi mwake. Waliosimama pale wameona kwa macho yao: alipigwa sindano, akafa. Hawakusema uongo. Waliona viwili vikija pamoja, kama alivyoona Burton, wakaamua kinyume.

Katika sehemu za Tanzania baadaye waganga wenyewe waliitwa, wakafundishwa kumtambua mtoto wa namna hiyo na kumpeleka upesi, badala ya kutukanwa. Na hilo lilifaa kuliko hotuba. Kwetu hapa mama wengi siku hizi hukimbilia kituo cha afya kwanza, na kusomewa kukafanywa njiani au baadaye, wala kimoja hakimzuii chenzake. Lakini mwaka jana nilisikia tena, katika msiba, mtu mzima akiuliza ni nani aliyekuwa wa mwisho kumbeba marehemu.

Nyuma ya ua ule wa jirani zetu palikuwa na shimo walilochimba udongo wa matofali. Maji ya masika yalituama humo hadi katikati ya kiangazi, nasi watoto tulikuwa tukirushia mawe vyura. Magharibi mbu walitoka humo wengi hata mwalimu alikuwa akituachia mapema. Shimo lilikuwa hatua ishirini na mlango alimofia mtoto yule, na kibaraza cha mama muuza ndagala kilikuwa upande wa pili, mbali zaidi. Lilifukiwa miaka mingi baadaye, mwenye kiwanja alipotaka kujenga.